Indiketa ya Gari la Baba

Dada yangu,

Sisi tupo. Lile gari la marehemu baba la kusambazia mikate limenitoa jasho. Kila asubuhi nakuta betri imekwisha. Nimebadilisha fyuzi, nikafungua hadi swichi ya ufunguo, wapi.

Juzi alfajiri nikamkuta mama ndani ya gari. Ameuzungusha ufunguo nusu, injini kimya, indiketa inamulika ukuta polepole kama pumzi ya mtu aliyelala. Anaongea na kiti cha dereva.

Sikumtoa. Nimemfungia betri ndogo ya kuwashia indiketa tu.

Leo nimepanda nyuma. “Funga mlango,” akaniambia, “baba yako anaondoka.” Nikafunga. Tukaenda mbali sana, dada. Njiani akasema tukupitie shuleni, usije ukanyeshewa.

Njoo. Nafasi ipo.

Mdogo wako