Viatu vya Mgeni

Wanida amenunua nyumba ya wageni! Ileile ya Bangkok tuliyofagia mimi na wewe, vitanda vinane chumba kimoja. Mwanangu huyo, akili katoa kwangu! Hujambo lakini, dada Malai?

Nakumbuka ukinitania, "We mdogo wangu, unafua mashuka au unayaimbia?" Nacheka mpaka leo.

Dada, vile viatu vya mgeni ulivyofukuziwa kazi, ukaambiwa umeviiba, nilivitoa mimi. Vilikuwa mlangoni, vimetoboka, nikadhani mgeni kavitupa. Nikampa muokota chupa. Kisha nikanyamaza kwa woga. Nisamehe.

Nimemwambia Wanida. Kasema, "Mama, maua ya kwanza kwenye kibanda cha mizimu inayolinda nyumba ataweka mama mkubwa. Asipokuja, sifungui."

Mdogo wako Buppha anakungoja. Njooni nyote, Alhamisi ya mwezi mpevu.