Maombi ya Mama Ushuhuda

Shoga, uko? Nimeumbuka. Nimeumbuka mbele ya karakana nzima!

Ni yule Mama Ushuhuda, fundi mwenzangu anayetuongoza maombi asubuhi kabla hatujawasha cherehani. Jana nilimnong'oneza, yeye peke yake, kwamba Ijumaa nina usaili kwa wale washonaji wa ng'ambo ya barabara. Aniombee. KIMOYOMOYO!

Leo kafumba macho, kainua mikono: "Bwana, mfungulie dada yetu mlango kwa wale washonaji wa ng'ambo, maana hapa amechoka!"

Hapa amechoka! Na bosi kasimama pembeni yangu!

Unajua nani aliitikia "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote? Bosi.

Baadaye Mama Ushuhuda akanifuata kwenye meza ya kupigia pasi. Eti, "Mdogo wangu, Mkristo haoni haya kuomba hadharani. Huo ndio ushuhuda."

Ushuhuda! Umbea mtupu, kauvisha msalaba.

Kisha akanishika bega: "Usinishukuru mimi, mshukuru Mungu."

Shoga, pasi ya moto ilikuwa mkononi mwangu. Kama kuna aliyeishuhudia imani yake leo mle ndani, ni mimi, pale nilipoiweka ile pasi chini.