Somo la Tisa na Mkorea

Jumanne, 4 Machi 2008

Kifurushi kimefika kutoka Seoul. Mjukuu wangu Mutasim yuko huko mwaka wa pili sasa. Kampuni yake ya gesi ndiyo iliyompeleka kusoma. Bibi yake ameletewa mafuta ya mikono. Mimi soksi — jozi sita! Dada yake, Jumana, ameletewa sidii ya Mkorea.

Jumana ana miaka kumi na sita na anakaa kwetu, hapa Muscat, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, kwa kuwa skuli yake iko karibu. Alipoiona sidii alipiga ukelele nikadhani ameumwa na nge. Nikauliza, ni nani huyu? Anaitwa Bawi, Babu, ni rapa. Rapa ndiyo nini? Mtu anayesema haraka haraka juu ya ngoma. Basi hata dalali wa samaki wa Matrah ni rapa! Hakucheka.

Alinieleza kwa muda mrefu, nami nikamwacha aeleze, kwani alieleza kwa mpangilio. Bawi huyu alikuwa katika kundi la vijana wanne, miaka sita. Akatoka. Akatoa albamu ya peke yake, watu wakaisusa. Walisema bila ya wenzake si kitu. Sasa ametoa ya pili, nyimbo saba, na katika kila wimbo amemshirikisha mtu: mwimbaji wa Kijapani, mpiga zumari, bibi kizee wa kijiji cha kwao. Nikasema, alitoka ili awe peke yake, kisha anaita wageni saba? "Babu, kutoka si kuwakataa watu. Safari hii kawachagua mwenyewe."

Jibu zuri. Sikumwambia.

Jumatano, 5 Machi

Baada ya alasiri nilikuwa ukumbini na gazeti langu. Chumbani kwa Jumana yule Mkorea akipayuka. Ghafla akanyamaza — na mwanamke akaimba kwa Kiswahili. Kiswahili! Wala si cha redioni. Cha kwetu, cha Unguja mjini:

Kasha lako lifungie, ufunguo shika wewe,
Akiuliza mwambie, cha ndani si chake yeye.

Nilikwenda mpaka mlangoni, gazeti mkononi. Nikamwambia Jumana, rudisha. Akarudisha. Rudisha tena. Huu ni wimbo wa harusi, wa ndani, wanaoimbiwa maharusi wa kike na wanawake wenzao, milango imefungwa. Sisi wanaume husikia ngoma tu kwa mbali; maneno hayatufikii. Mkorea ameyapata wapi?

Nilisema ninavyoona, sikuficha. Nilisema mwanamke huyu hakuokota kuimba njiani. Kila herufi inatoka mahali pake. Pumzi haimkatikii katikati ya neno. Sijasikia Kiswahili kilichotamkwa hivi tangu nivuke kuja Muscat. Nikauliza, ni nani?

Jumana alikuwa akimtazama bibi yake, ambaye alikuwa amesimama nyuma yangu na sinia.

"Kahawa inapoa," alisema Nunu.

Alkhamisi, 6 Machi

Sidii ina kijitabu. Nilikichukua Jumana alipokuwa akioga. (Si desturi yangu. Naandika kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.) Kikorea kitupu, lakini majina ya wageni yameandikwa pia kwa herufi za Kizungu. Wimbo wa saba: NUNU, MUSCAT.

Nilisoma kwa miwani. Kisha kwa kioo cha kukuzia.

Mke wangu! Nilimwoa miaka arubaini na sita iliyopita na sijapata kumsikia akiimba. Hata watoto wetu aliwalaza kwa kuwasomea sura fupi.

Nikaenda jikoni, nikamwekea kijitabu mbele yake, nikaonyesha kwa kidole. "Ndiyo, mimi," alisema, akaendelea kumenya vitunguu thomu. Nikavuta kiti. Akanieleza bila ya kunitazama.

Harusi ya Kheiria, binti wa dada yake, huko Sib, mwaka 1984. Wanawake walitaka kuurekodi usiku wao. Lakini kanda kama ile haiwezi kuzagaa katika nyumba yenye wanaume. Huyu ataichukua garini, yule ataiweka akidhani ni Qur-ani. Ilitakiwa kanda ambayo hakuna mwanamume atakayeigusa.

Sasa naandika lililonishtua kuliko jina kijitabuni. Mwaka 1976, watu wetu walipokuwa wakirejea kutoka Afrika hawajui kusoma Kiarabu, nilirekodi masomo ya nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, kanda thelathini, kwa sauti yangu, na lebo nikaziandika kwa hati yangu. Hakuna aliyezitaka. Kisha, katika miaka ya themanini, wanawake wakaanza kuja mlangoni. Kutoka Matrah, kutoka Sib! Mwalimu, tunaomba kuazima Somo la Tisa. Masouda, shoga yake Nunu, aliliazima mara nne. Mimi mwenyewe nilikuwa nikilitoa kabatini na kuwapa. Nilitembea kifua mbele. Niliwaambia wenzangu wizarani kwamba wanawake wetu wana hamu ya nahau kuliko sisi.

Somo la Tisa ni Nunu. Walifuta sauti yangu, wakaiweka yake, lebo wakaiacha.

"Hapakuwa na pahala pa salama kupita pale, Mwalimu," alisema. "Nani angeiweka?"

Hakusema kwa kejeli. Afadhali angesema kwa kejeli.

Ijumaa, 7 Machi

Baada ya sala nimempigia simu Mutasim. Alianza na soksi, zinanifaa? Nikamwambia aache soksi.

Alipokuwa akisafiri alichukua kanda zangu tatu kabatini. Kwa nini? "Nilijua ntakutamani, Babu. Nilitaka niwe nakusikia unafoka." Huko akanunua redio kuukuu sokoni, akaweka Somo la Tisa, akakaa kitandani amsubiri babu yake. Akatoka bibi yake.

Anayekaa naye chumba kimoja ana kaka anayefanya kazi studio, na Bawi anarekodi humo humo. Wakasikilizishana. Nikasema, ukampa mgeni sauti ya bibi yako! Akasema hapana, Babu, kwanza nilimpigia Bibi. Nilimwomba ruhusa. "Akanambia mpe."

Lini?

Ramadhani.

Miezi mitano! Miezi mitano tumekula pamoja, tumekwenda sokoni pamoja, nimemweleza kila siku habari za gazetini — naye analo hili kifuani.

Halafu likaja la pili. Bawi ataimba Dubai tarehe 17 Aprili. Anataka Nunu asimame jukwaani, aimbe mwenyewe sehemu yake. Jibu linatakiwa Alkhamisi ijayo. Nikasema wana kanda, waipige kanda. Mutasim akasema ndivyo wakubwa wa kampuni ya Bawi wanavyotaka, maana ni rahisi. "Yeye kakataa, Babu. Kasema bila ya Bibi wimbo huo hauimbi."

Paspoti ya Nunu imekwisha muda tangu mwaka 1999. Kuifanya mpya kunahitaji saini ya mume. Kwa hiyo wote wananisubiri mimi, Muscat na Seoul.

Jumamosi, 8 Machi

Nje ya duka la mikate nimekutana na jirani yetu, Saeed. Yumo garini, vioo vimeshushwa. Mke wangu anaimba garini mwa Saeed!

"Mwalimu, njoo, njoo usikie maajabu! Mchina na mwanamke wa kwetu!"

Nikamwambia ni Mkorea.

"Mkorea, Mchina — sikiliza sauti, bwana we! Binti yangu kanirushia kwa bluutuu. Skuli nzima wanayo. Huyu lazima marehemu, siku hizi hawapo wanaoimba hivi."

Nilisema, yu hai. Neno limetoka lenyewe. Saeed akazima injini. "Unamjua?"

Nikasema mikate yangu inapoa, nikaondoka. Sikuwa nimenunua mikate bado.

Wanaume wanamsikiliza. Nilidhani hilo ndilo linaloniuma. Nimefika nyumbani nikagundua kinachoniuma ni kwamba Saeed amemsikia, na skuli nzima, na Wakorea, na mimi ni wa mwisho.

Jumapili, 9 Machi

Chumvi imezidi kwenye mchuzi. Nilikula wote.

Jumatatu, 10 Machi

Masouda amekuja, na fimbo yake na goti lake bovu, amekasirika. Nikafurahi — angalau mtu mzima mmoja ameona kuwa ni aibu. Kumbe! Anachokasirikia ni kwamba ngoma ile ameipiga yeye, vigelegele vile ni vyake, na kijitabuni hakutajwa.

"Nunu, Muscat! Na mie Masouda, wapi? Nlikuwa napiga ngoma au nlikuwa nakoroga uji?"

Nunu alicheka mpaka akakaa chini. Sikumbuki lini amecheka hivyo mbele yangu. Kisha Masouda akanigeukia mimi. Je, nimeshatia saini? Nikasema jambo hili lina pande nyingi. Akasema, "Mwalimu, wewe pande zako tunazijua. Ulimnyamazisha mara moja, yatosha."

Nikauliza, nilimnyamazisha lini? Wanawake wawili wakatazamana. Masouda akakumbuka kuwa ana dawa ya kunywa nyumbani, akaondoka.

Nunu akanieleza. Wiki ya kwanza ya ndoa yetu, Unguja, mwaka 1962. Alikuwa akichana nywele huku akiimba. Nikaingia. Nikamkatiza. Nikamwambia neno moja si sahihi, nikamtaka aurudie mstari mara tatu, amesimama, kama mwanafunzi. Akaurudia mara tatu. "Nikasema basi. Kwa huyu, basi."

Simkumbuki msichana huyo aliyesimama. Nimejaribu mchana kutwa. Nakumbuka chumba, nakumbuka dirisha, nakumbuka hata kitabu nilichokuwa nikisoma. Yeye anakumbuka kanga aliyovaa na mstari wenyewe. Miaka yote nilidhani sijamsikia kwa sababu ya mila — wanawake ndani, wanaume nje. Kumbe wanawe walimsikia walipokuwa wadogo, mimi nikiwa kazini. Alikuwa akinyamaza gari langu likiingia uani.

Nilimwambia, ungeniambia. Akasema, "Ungenisahihisha."

Jumanne, 11 Machi

Barua ya Bawi kwa Nunu. Mutasim ameitafsiri, Jumana ameichapa. Nimeisoma kabla sijampa — kisha nikaona haya, nikamsomea kwa sauti.

Anaandika kwamba alipotoka kundini, mwaka mzima simu yake haikulia. Akarekodi peke yake, akasikia sauti yake tu, mwanzo mpaka mwisho, akaichoka kabla ya watu kuichoka. Siku aliyoletewa kanda hakuelewa hata neno moja. Lakini alijua mahali pa kunyamaza. "Katika wimbo wetu, Bibi, mimi nanyamaza mara nne. Wenzangu wa zamani hawataamini."

Nimemwomba Jumana auweke wimbo. Nikahesabu. Kweli, mara nne. Mara ya tatu ni ndefu. Kijana amefika karibu na kusema, mtu anaisikia pumzi yake, kisha anajizuia.

Ana miaka ishirini na saba.

Nikamuuliza Nunu kwa upole anachokitaka. Nilitaraji aseme upendavyo wewe, maana ndilo jibu lake la siku zote. Alisema, "Nataka kwenda."

Nikataja umri wetu, watu watasema nini, watoto wetu wana vyeo vyao serikalini, jukwaa lina wanaume. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akauliza kama kesho ofisi ya paspoti inafungua saa moja na nusu au saa mbili.

Jumatano, 12 Machi

Naandika hapa ofisini, kwenye kiti, daftari langu gotini. Nambari yetu themanini na nne. Wako sabini na tisa.

Nunu yuko kando yangu. Picha zake mpya amezikamata kwa ncha za vidole. Mpiga picha alimwambia asicheke, na amejizuia kwa shida, inaonekana.

Fomu ninayo mimi. Nimejaza jina, tarehe, mahali pa kuzaliwa. Nikafika kwenye kazi. Katika paspoti zake zote nimeandika mama wa nyumbani, bila ya kumuuliza, bila ya kufikiri. Leo kalamu imekataa. Nimemuuliza kwa sauti ya chini, niandike nini? Akasema, "We ndo mwalimu."

Themanini na moja.

Nimeruka mstari huo. Sababu ya safari. Huo pia nimeuruka. Chini kabisa, saini ya mume, bado tupu.

Nimemwambia, na wakikuzomea? Maelfu ya vijana, Nunu, hawakujui.

Akasema, "Na wasiponizomea, Mwalimu?"

Hilo ndilo ninaloliogopa tangu Ijumaa, naye amelitaja kwa maneno machache kati ya watu, sauti yake ya kawaida.

Themanini na mbili, hayupo. Themanini na tatu, mtu na mwanawe, wamekwisha upesi.

Themanini na nne. Namwambia asubiri, kuna nafasi tatu sijazijaza. Ameinuka. Ameichukua fomu mapajani mwangu, anakwenda dirishani, hageuki nyuma. Kalamu ninayo mimi.