Maombi ya Chumba kwa Bibi wa Songea

Dada yangu mpendwa Zainabu,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na wote walioko nyumbani Tunduru.

Nimepokelewa katika darasa la makarani hapa Songea, ila bweni limejaa. Mwalimu ametamka kwamba asiyepata makao mjini kufikia Jumatatu atarudishwa kwao. Nami, dada, sirudi.

Nilimwandikia bibi mmoja Mngoni, mjane, maombi rasmi ya chumba, nikamsomea nikiwa nimesimama wima. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Karatasi ya mwisho kuletwa hapa ilimchukua mume wangu. Hiyo yako inamtaka nani?"

"Haimtaki mtu, bibi. Naomba pa kulala tu."

"Kuta ninazo. Paa walilichoma askari wakati wa vita. Unajua kuezeka, Bwana Karatasi?"

Nilikiri kwamba sijui. Akanipa mundu, akanionyesha nyasi bondeni. Barua yangu, yenye mwandiko bora kuliko zote nilizopata kuandika, aliiwashia moto, na ugali wa ulezi uliopikwa kwa moto huo tukaula pamoja.

Leo ni Jumamosi. Upande mmoja umekwisha kuezekwa, nami ninakuandikia nikiwa chini yake, viganja vimechanika, mawingu yanakusanyika. Mwambie mama, asemaye kwamba siwezi kazi isipokuwa ya kalamu, aniombee mvua ingoje hadi kesho jioni. Jumatatu mwalimu akiuliza ninakaa wapi, nitamwonyesha paa kwa kidole.

Mungu akutunze, dada, na watoto washibe.

Nduguyo mtiifu,
Musa