Neno la Bi Shida

KITUO CHA POLISI, MAKUNDUCHI
MAELEZO YA SHAHIDI
Shauri: Kuchomwa moto banda la mchezo, kijiji cha Uwandani

Jina: Mwanamwema binti Borafya
Umri: Miaka 48, kwa kukisia
Kazi: Mshonaji
Makaazi: Mkunazini, Mjini
Tarehe na saa: Jumapili, 11 Novemba 1956, saa tatu asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Nimekuja kwa sababu Bakar bin Abdulla amewekwa ndani tangu juzi kwa moto ambao hakuuwasha yeye. Bakar simpendi na yeye hanipendi, na Bwana Koplo aliandike hilo, isije ikasemwa nimemtetea kwa mahaba.

Dada yake Bakar ni Mwatima. Huyo nimesoma naye chuo kimoja cha Kurani tangu tuna miaka saba, tukipigwa fimbo moja. Aliolewa Uwandani na Duni bin Makungu, miaka ishirini na mbili sasa. Watoto hawakujaaliwa. Duni ni mumewe. Koplo ameniuliza kama nimekusudia kusema mtalaka wake. Nitafika huko, asinikimbize.

Duni alikuwa mfagiaji wa jumba la sinema mjini kwa miaka kumi na minne. Jumba lile lilipovunjwa alipewa viti kumi na viwili vibovu, akavipakia kwenye gari la shamba, akarudi navyo kijijini. Watu walimcheka mpaka wakachoka. Alivitengeneza viti, akajenga banda la makuti mwisho wa kijiji, pale mawe yanapoanza na mihogo inapokataa kuota. Akapanga mawe yakawa jukwaa. Pazia nimelishona mimi, kwa kitambaa cha marekani, nikalitia rangi ya manjano. Michezo alitunga mwenyewe kichwani, maana kuandika alikuwa hajui sana. Ilichezwa baada ya sala ya alasiri, ikamalizika kabla ya magharibi, na watu walitoka mpaka Kizimkazi kuja kutazama.

Mnamo tarehe 18 Agosti 1956, siku ya Jumamosi, nilikwenda Uwandani kwa mara ya kwanza kulitazama hilo banda. Nilipanda gari Darajani saa mbili asubuhi, nikashuka saa sita, nikatembea juu ya mawe mpaka kiatu kikakatika. Niliteta njia nzima. Nilipolifikia banda nilimwambia Mwatima, "Shoga, hiki kwetu mjini ni kibanda cha kuku." Alicheka mpaka akashika ukuta. Namkumbuka alivyocheka.

Siku ile palichezwa mchezo mpya. Una bwana mmoja aitwaye Bwana Gubu, ambaye kila siku analalamikia mchuzi, na mkewe Bi Shida. Mwanzo wanaishi vizuri. Halafu wanagombana, Bi Shida anasema, "Kama hunitaki, sema nisikie," na Bwana Gubu anamwacha talaka tatu. Baadaye anajuta, anamtafuta mtu wa kumuoa Bi Shida na kumwacha, ili yeye aweze kumrejea. Huyo mtu akionja mchuzi, basi tena, hataki kumwacha. Ni mchezo wa kuchekesha.

Bwana Gubu alikuwa Duni. Bi Shida alikuwa Usi, kijana mkwezi wa minazi, amevaa buibui langu mimi. Usi alikuwa hana nafasi ya kujifunza, kutwa yuko juu ya minazi. Kwa hiyo Duni alijifunzia jikoni kwake miezi miwili, na maneno ya Bi Shida akiyasema Mwatima huku anakuna nazi. Mwatima aliniambia kuwa wakifika penye talaka Duni hatamki. Hupiga kofi moja tu la viganja, paa, wakaendelea mbele. Alikuwa anaogopa kulisema neno lile mbele ya mkewe. Siku ya mchezo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka.

Wanawake tulikaa upande wa kushoto wa jukwaa, nyuma ya ukuta wa makuti, tunachungulia. Nilikaa bega kwa bega na Mwatima. Kiasi cha saa kumi na nusu wakafika penye ugomvi. Usi akasahau. Akasimama kinywa wazi, watu wakaanza kumzomea.

Nilimsukuma Mwatima kwa kiwiko. Nilisema, "Mpe neno, shoga, mchezo unakufa." Akasema, "Sauti yangu itasikika na wanaume." Nikamwambia, "Itasikika ya Bi Shida. Nani atakujua wewe?"

Akaweka mdomo kwenye makuti. Mimi nilidhani atanong'ona. Hakunong'ona, alilisema neno kama alivyozoea kulisema jikoni kwake. "Kama hunitaki, sema nisikie."

Duni akageuka. Hakumtazama Usi, aliutazama ukuta wetu. Akasema, "Mwatima, nimekuacha. Talaka tatu."

Wengine walicheka, hawakulisikia jina. Halafu wakanyamaza mmoja mmoja. Duni alitia mkono mdomoni kama mtu aliyeungua na uji. Mwatima aliivuta kanga akajifunika uso, humo humo upande wa wanawake, na mwanamume hakuwemo hata mmoja. Mchezo haukuendelea.

Kesho yake, Jumapili tarehe 19 Agosti, saa nne asubuhi, wazee walikutana nyumbani kwa sheikh wa kijiji. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya mlango. Wengine walisema mchezo ni mchezo. Wengine walisema talaka haina mzaha. Sheikh simlaumu. Alimtafutia Duni mlango wa kutokea, na mimi nilimsikia. Alimuuliza mara tatu, pole pole, "Duni, ulimkusudia yule Bi Shida wa mchezo, au sivyo?" Alikuwa anamtafunia jibu, lilobaki ni kumeza tu.

Duni akajibu, "Nilisikia sauti ya mke wangu, nikamjibu mke wangu."

Lo! Mwanamume gani huyo, asiyejua kusema uongo siku moja katika maisha yake? Nilitaka kutoka nimpige. Sheikh alivua kilemba akakipakata. Kisha akauliza kama yuko aliyelisikia jina wazi. Mimi nikajibu nyuma ya mlango kuwa nimelisikia. Niliulizwa hilo na nilisema kweli. Kwamba nilimsukuma Mwatima kwa kiwiko sikuulizwa, na sikulisema. Nalisema leo. Koplo aliandike.

Sheikh akasema wametengana, na hawana ruhusa kukaa pamoja. Mwatima akabaki nyumbani kukaa eda. Duni akatoka na mkeka wake na birika moja, akahamia bandani.

Mimi nilirudi mjini. Nilishona, nilikula, nilikwenda harusini nikaimba. Sikulala vizuri hata wiki moja.

Mnamo tarehe 8 Novemba 1956, siku ya Alkhamisi, nilirudi Uwandani nikae na Mwatima siku zake za mwisho za eda. Baada ya hapo alikuwa ahamie kwa kaka yake, huyo Bakar. Nilimkuta amekonda. Baada ya alasiri alichukua ndoo akasema anakwenda kisimani. Kisima kiko mashariki, naye alishika njia ya magharibi. Nikamfuata.

Alikwenda mpaka bandani, akasimama nje, nyuma ya ukuta ule ule wa makuti. Hakubisha hodi. Duni alikuwa ndani, na alijua tu kuwa kafika. Akasema, "Bi Shida, umeshaamka?"

Mwatima akajibu, "Nshaamka, bwana."

"Umelala vyema?"

"Nimelala, ila jogoo wako kanighasi."

"Na chai iko?"

"Iko, nakungoja wewe."

Yalikuwa maneno ya mwanzo wa mchezo, kabla ya ugomvi. Walipofika karibu na penye ugomvi walinyamaza. Nikasikia Duni anakohoa. Halafu akaanza tena, "Bi Shida, umeshaamka?" Mara tano walirudia. Hawakuongeza neno lao wenyewe hata moja. Mwatima aliniambia Duni tangu siku ile hajalitaja jina lake, anauogopa ulimi wake.

Hili naomba liandikwe wazi. Wallahi hawakuonana wala hawakugusana. Baina yao palikuwa na makuti, na mimi nilikuwepo. Anayesema jingine aje aseme mbele yangu.

Bakar, aliyekuwa kaja kumngoja dada yake amalize eda, alizipata habari jioni ile. Alisema dukani, mbele ya watu, kuwa atalichoma banda na aliyemo ndani. Ndiyo maana amekamatwa. Bakar ana mdomo mkubwa tangu utoto, na usiku huo huo homa ikamlaza.

Tarehe 9 Novemba, siku ya Ijumaa, asubuhi, mimi na Mwatima tulikuwa tunachagua mchele. Aliniambia, "Mwanamwema, mie nikiisikia sauti ile siwezi kukaa. Kwa kaka ni mbali, lakini ntakuja tu. Na siku moja ntachoka na makuti, ntazunguka nipite mlangoni."

Nikamwambia, "Ukipita?"

Akasema, "Nikipita tumezini, mie na mume wangu."

Niliinama nikaendelea kuchagua mchele.

Saa sita na nusu wanaume walikwenda kusali Ijumaa. Bakar alikuwa ukumbini kwa Mwatima, chini ya mablanketi mawili, anatetemeka. Nilimpa uji saa saba kamili. Wakati huo Mwatima alitoka jikoni na kifuu cha makaa ya moto. Watu huazimana moto, sikushtuka. Nilimuuliza anampelekea nani, akanipita. Alikaa huko kitambo. Kiasi cha saa saba na nusu nikaona moshi. Nilipouona moshi, Bakar bado alikuwa na bakuli langu mkononi, hajafika nusu. Kwa hiyo si yeye.

Nilikimbia bandani. Makuti makavu hayangojei mtu, na moto ulikwisha shika paa. Mwatima alikuwa amesimama nje, kifuu kitupu mkononi. Viti alikwisha vitoa kwanza, vyote kumi na viwili, kavipanga juu ya mawe mstari mmoja, vinaelekea bandani. Pazia hakulitoa. Nilimuuliza, "Ni wewe?" Akasema, "Ni mie. Ukiulizwa sema." Ameniambia tena jana nije niseme hapa, kwa sababu yeye hawezi kuja, eda yake haijesha.

Wanaume walitoka msikitini wakaja mbio na ndoo. Duni alikuja nyuma yao, anatembea. Akawaambia, "Acheni." Wakaziweka ndoo chini. Akaenda akakaa kwenye kiti kimoja, cha mwisho upande wa kulia, akautazama moto kama watu walivyokuwa wakimtazama yeye. Mwatima alikuwa hatua kumi kutoka kwake, amejifunika.

Paa lilipoanguka Duni alisema, bila ya kugeuka, na watu wote walimsikia. Alisema, "Kama hunitaki, sema nisikie."

Lilikuwa neno la Bi Shida. Pahala pale, wakisemezana kwenye makuti, siku zote hawakupafika.

Mwatima hakujibu. Alinitazama mimi. Najua macho yale, ndiyo aliyokuwa akinitazama nayo chuoni akisahau aya, nimtilie neno mdomoni. Nilikuwa karibu naye, bega kwa bega, kama siku ile.

Sikumpa neno.

Alingoja kidogo, kisha akashika njia akarudi nyumbani kwake. Nikamfuata nyuma.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu. Bakar atolewe. Na kama sheria inamtaka mtu wa kumuweka mahala pake, basi itazame na kiwiko changu. Hapo nimefika mwisho wa maelezo yangu.

(Saini ya shahidi, kwa herufi za Kiarabu)
Mwanamwema binti Borafya

Maandishi ya askari: Maelezo haya nimeyachukua mimi, Koplo Mkubwa bin Hasan, nikamsomea shahidi kwa Kiswahili, akakubali kuwa ni sahihi. Alilia mara moja, nikasimamisha kazi kwa dakika kumi. Bakar bin Abdulla ameachiliwa leo saa sita mchana. Mwenye banda, Duni bin Makungu, amefika kituoni saa nane. Ameulizwa kama anataka kushtaki, amejibu hataki. Ameulizwa, kwa ajili ya kumbukumbu, ana uhusiano gani na Mwatima binti Abdulla. Amejibu: "Mke wangu."

Nimeandika: mtalaka.