Uso wa Eunosto

Tanagra, mwezi wa Agrionio, siku ya nne

Kaka yangu Dorkilo,

Nakusalimu wewe, wifi na watoto huko Aleksandria. Kifua chako kimepona? Mimi ni mzima. Tangu mama atutoke nimebaki na joko la baba na yule jogoo wako wa kupigana, ambaye jicho moja hana lakini jeuri anayo yote.

Nina swali, na usinicheke. Mzee Saugeni, kuhani wa Eunosto, ameniagiza sanamu ya shujaa wetu ikawekwe ndani ya msitu wake, ya udongo, ndefu kama mkono mzima. Kaja kwangu kwa kuwa majoko ya wengine ni madogo. Sasa mimi nitamfinyangaje mtu ambaye hata jiwe lake la kale mle msituni siruhusiwi kuliona? Mwanamke akikanyaga pale, mji mzima unahesabu maafa. Mvua ikigoma au ardhi ikitetemeka, wazee huanza kuuliza ni nani kati yetu aliyepita karibu. Yote hayo tunalipia uongo wa Okna, msichana wa enzi za kale. Alimtaka Eunosto, akakataliwa, akawaambia kaka zake kwamba kijana kamshika kwa nguvu. Wakamuua. Okna akaja kuungama na kujitupa jabalini, lakini maiti haisikii samahani.

Tangu utoto nataka kujua ni uso gani huo uliomtia binti wa watu wazimu. Nimemuuliza Saugeni, kasema nimfanye mzuri. Uzuri gani? Hata punda ana wake. Wewe uliingia mle na baba. Niambie.

Mdogo wako,
Ptoila

Aleksandria, mwezi wa Thiuio, siku ya kumi na moja

Mdogo wangu Ptoila,

Salamu zako nimezipokea pamoja na tini, ingawa nusu zimeishia kwa mabaharia. Kifua kimetulia. Wifi yako anauliza utaolewa lini. Mimi sijauliza.

Haya, andika kichwani. Kipaji kipana. Nyusi ya kushoto imepanda kidogo kuliko mwenzake, kama mtu anayetaka kukuuliza jambo. Pua ina kigongo. Mdomo wa chini mnene, masikio madogo, na shavu la kulia lina kishimo kinachoonekana hata asipocheka. Si mzuri wa kupitiliza, lakini ukimtazama huchoki.

Barua hii ichome. Mambo ya mle hawaambiwi wanawake.

Kaka yako,
Dorkilo

Tanagra, mwezi wa Hippodromio, siku ya ishirini na mbili

Kaka,

Natumaini hamjambo nyote. Mwili wangu mzima, moyo ndio haupo mahali pake. Barua yako niliichoma.

Sijapata kuona kitu kikitoka mikononi mwangu kwa urahisi namna ile. Ile nyusi ilikaa yenyewe. Nilipoitoa sanamu jokoni, nikaketi nayo mpaka jua likahama ukutani, bila sababu yoyote. Kisha wakaja wazee watatu kuikagua. Saugeni akasema, "Uso huu naujua." Wenzake wakaitika kwamba hata wao wanaujua, na mmoja machozi yakamlengalenga. Mimi mjinga nikafurahi.

Lakini mvua haijagusa ardhi tangu majira ya kuchipua, na visima vinatoa tope. Kesho yake wakarudi. Saugeni akanitazama kama anayetazama nyoka ndani ya kapu la unga.

"Wewe umeujuaje?" akaniuliza. "Ptoila, umeingia."

Nikakana. Sikukutaja, maana anayetoa siri za msitu harudi tena Tanagra, nami najua unataka kuzikwa kwetu. Wamenipa mpaka siku ya kupanda shayiri. Nisipokuwa na la kusema, nafukuzwa mjini na joko linabomolewa. Wanawake wenzangu kisimani wananipisha njia, na sio kwa heshima.

Nifanyeje, kaka? Na usinione kichaa, katikati ya hofu hii bado najiuliza kama Okna aliuona uso huu huu.

Mdogo wako,
Ptoila

Aleksandria, mwezi wa Panamo, siku ya kumi na sita

Ptoila wangu,

U hali gani? Nauliza, na jibu naliogopa.

Nitaje. Waambie ni mimi, nami nitazikwa kwenye mchanga wa huku. Lakini kwanza jua ukweli, kwa sababu nilikudanganya. Jiwe la Eunosto halina uso. Limefunikwa mataji ya majani juu ya mataji, na wanaume wote huingia wameinamisha vichwa, wanamwaga maziwa, wanatoka kinyumenyume. Mimi nilikuwa mtoto mtundu, nikayafunua. Chini yake jiwe tupu, laini kama goti.

Ulipouliza, niliona haya kukujibu kwamba hakuna kitu, nawe ukose kazi. Nikakuandikia uso pekee ninaoukumbuka mle. Siku ile, baada ya kulifunua jiwe, nilishikwa na hofu, nikainua macho kumtazama baba. Shimo la udongo lilipomfukia ulikuwa bado unanyonya, ndiyo maana hukumjua. Hao wazee walikua naye. Wanaujua uso, ila wamesahau waliuona wapi.

Nisamehe.

Kaka yako,
Dorkilo

Tanagra, mwezi wa Damatrio, siku ya pili

Kaka yangu,

Namwahi nahodha wa mwisho kabla bahari haijafungwa kwa dhoruba za baridi. Niko nyumbani, joko limesimama. Ninyi mko salama?

Sikukutaja. Siku ya kupanda nilisimama mbele yao nikasema, "Wazee wangu, nendeni mkafunue mataji, mlinganishe. Nyuso zikifanana, nitaondoka mwenyewe."

Walikwenda watatu. Walirudi wakiwa wamechoka ghafla, kama waliobeba gunia. Saugeni aliutangazia mji kwamba hakuna mwanamke aliyeingia, na hakueleza amejuaje. Angesemaje kwamba jiwe halina uso, wakati tangu babu zao hakuna aliyetazama? Sanamu wakaichukua wakaiweka ndani. Mvua ilinyesha siku tisa baadaye, na kila mmoja wao anasema ni kwa dua yake.

Halafu wakarudi kwa ajili ya kalibu ya kichwa, lile umbo la udongo nililotolea uso ule, kwamba uso wa shujaa usije ukakaa kwenye rafu za wanawake. Walinisimamia mpaka nikaivunja. Ningeweza kusema ni baba yangu, lakini wangeitoa sanamu msituni na kuipondaponda, na mji ungenigeukia tena. Nikapiga nyundo.

Kwa hiyo sasa kila mwanaume wa Tanagra anaweza kwenda kumtazama baba, ila mimi bintiye siwezi. Nilikuwa naye siku nzima mezani kwangu na sikujua. Nimekasirika nawe, na nakushukuru, na sijui kipi kinatangulia.

Bahari ikifunguliwa tena, niandikie mikono yake ilikuwaje.

Mdogo wako,
Ptoila