Filamu Niliyoifungua

Nakuru,
Jumapili, tarehe 27 Julai.

Baba,

Leo nitakueleza yote, hata lile ambalo Mama hajui.

Filamu iliyobaki kwenye kamera yako imeharibika. Niliiharibu mimi. Wiki moja baada ya kukuzika nilitamani sana kuona ulichopiga, nikaifungua kamera kabla ya kuizungusha filamu irudi ndani ya kopo lake. Ulinifundisha mara ngapi! Mwenye studio aliniambia, "Pole, siz. Mwanga umekula picha zote."

Mama anadhani bado zinasafishwa. Kila Jumamosi ananiuliza. Nyumba ni kimya mno siku hizi, Baba, swali lake nalisikia hadi jikoni.

Basi nikaamua kuzipiga upya. Kwenye daftari lako la vipimo vya mawe uliandika picha ulizopiga: "Kanisa dogo, Mai Mahiu." Chini yake: "Ndege ya makumbusho. Mabawa yote mawili." Chama chetu cha historia cha shule kilipokwenda makumbusho Nairobi, mwalimu alikubali basi lisimame Mai Mahiu. Kabla ya kupiga picha niliupapasa ukuta, kama ulivyozoea wewe, fundi wa mawe. Wenzangu wakacheka: "Oneni, anasalimia kanisa!" Sikuwa na mtu wa kucheka naye.

Kule makumbusho, ndege ndiyo iliyonishinda, ile eropleni kuukuu. Nyuma yangu ukuta, mbele kamba, na kila niliposogea bawa moja lilikatika pichani. Nilipoiegemea kamba, askari akasema, "Madam, hapo si pa kuanika nguo." Nikaona haya.

Siku ile ulipoipiga wewe, tulipokuwa pale pamoja, uliniita: "Njoo uone, wameiunga bila hata mwiko mmoja wa saruji!" Sikuja. Nilikuwa nimechoka, nikabaki kwenye ngazi nikila njugu.

Picha zangu zimetoka. Nilizitia kwenye bahasha nimpe Mama kana kwamba ni zako. Nikaitazama ile ndege ya bawa moja na nusu. Siwezi kumdanganya.

Lala salama, Baba. Nakuahidi, Mama akirudi kutoka kanisani leo nitamwambia ukweli. Atalia. Halafu nitamwomba twende naye makumbusho Agosti, sisi wawili.

Nijibu hili tu, hata ndotoni: ulisimama wapi, mabawa yote mawili yakaingia?

Binti yako,
Wambui